Shajara ya Konokono, chombo cha pedeli na hewa ya moto

Siku ya 1

Haya, nimeanza rasmi. Mwaka mzima hii kitu imekaa kichwani na kwenye makaratasi tu, leo plaiwudi iko mezani imeshachorwa penseli kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Kwa asiyejua, nina dunia yangu ya kubuni ambayo naichora na kuiandika kidogo kidogo nikipata nafasi. Sheria yake ni moja: petroli haikuwahi kugunduliwa na umeme wa waya haupo. Watu wana makaa, wana chuma, wana saa za kujaza kwa ufunguo na wana miguu yao, basi. Mji mkubwa unaitwa Ngazi Elfu, umejengwa kwenye mteremko mwanzo mwisho, na barua wanapeleka matarishi wanaoendesha Konokono. Konokono ni chombo cha magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, dereva anakaa chini kajilaza kama mtu aliyeshiba, pedeli ziko mbele ya miguu yake na injini iko mgongoni kama gamba. Ndo jina lilipotoka.

Nataka kuunda modeli kwa kipimo cha 1 kwa 6. Mtu wa sentimita 170 anakuwa kama 28, gurudumu la baiskeli la sentimita 66 linakuwa 11. Kinakuwa kikubwa kiasi vidole vinaingia kufunga nati, na kidogo kiasi kinakaa juu ya kabati bila ugomvi.

Sharti nililojiwekea: kila kinachoonekana lazima kifanye kazi. Nimechoka na haya mapambo ya "mashine za kale", unakuta kofia imebandikwa gia kumi na mbili na hakuna hata moja inayogusana na mwenzake. Gia isiyozungusha kitu hiyo ni kifungo cha shati tu.

Siku ya 3

Sijakata hata kipande kimoja. Swali limenikalisha siku mbili: kama kina injini, pedeli za nini? Na kama kina pedeli, injini ya nini? Nikisema "zinapendeza" nimeshavunja sharti langu siku ya tatu.

Mwanzo nilichora boila ya mvuke kama kila mtu, afu nikaifuta. Boila ni mzigo, inataka maji mengi, inataka mtu aangalie presha, na ikipasuka mgongoni mwa tarishi hadithi imeisha. Nikahamia injini ya hewa ya moto. Hii ilikuwepo kweli, Robert Stirling, kasisi wa Uskoti, alichukua hataza yake mwaka 1816, na 1818 moja ilikuwa inapampu maji kwenye machimbo ya mawe. Ndani kuna hewa tu iliyofungiwa, upande mmoja unaupasha moto, upande wa pili unaupoza, na kuna kitu kinachopanda na kushuka kuihamisha hewa kutoka upande wa moto kwenda wa baridi. Ikipata moto inatanuka inasukuma, ikipoa inasinyaa inavuta. Haina valvu wala mvuke.

Tabia zake mbaya ndo zilizonipa jibu. Kwanza haijiwashi yenyewe, hata ikiwa ya moto lazima uizungushe kidogo ndo ishike. Pili inachelewa kupata moto. Tatu ukitaka nguvu ya ghafla haikupi, inakuja polepole kama haijasikia. Kwa hiyo asubuhi tarishi anawasha makaa, anakanyaga mtaa wa kwanza kwa miguu yake injini ikiwa bado imelala, pedeli hizo hizo zinaizungusha mpaka inaamka, na wakifika kwenye mlima wanapanda wote wawili. Mtu wa kawaida akikanyaga saa nzima bila kujiua anatoa wati 75 mpaka 100 hivi, na nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo miguu peke yake ni kama sehemu ya nane ya farasi, na hiyo ni siku nzuri. Injini ya wati 150 tu tayari ni kama umeongeza jozi ya miguu ya mtu mwenye mazoezi. Yani ni mwenzako asiyechoka ila mvivu wa kuamka.

Nimelala vizuri leo.

Siku ya 4

Nyongeza fupi kuhusu kiti, maana nilijiuliza kama kukanyaga umejilaza ni ujinga. Si ujinga. Mfaransa Charles Mochet alikuwa anaunda vigari vya pedeli vya watu wawili vinaitwa Velocar, akaja kutengeneza ya magurudumu mawili ya kukalia kwa kujilaza, na mwaka 1933 Francis Faure akaiendesha kilomita 45.055 ndani ya saa moja, akavunja rekodi. Mwaka uliofuata chama cha baiskeli cha dunia kikasema hiyo si baiskeli. Baada ya vita mwana wa Mochet, Georges, akaendelea na vigari hivyo vikiwa na injini ndogo. Kwa hiyo kujilaza, pedeli na injini, vyote vimeshawahi kukaa kwenye chombo kimoja, mi naongeza moto tu.

Siku ya 9

Fremu imesimama. Magurudumu ni plaiwudi ya milimita 4 niliyoikata duara, spoku ni waya wa shaba. La mbele limepinda kidogo, liache lipinde.

Siku ya 12

Ekseli ya nyuma imenitesa. Niliweka shafti moja ngumu imeshika magurudumu yote mawili, nikasukuma moja kwa moja safi kabisa, nikakata kona, likaanza kukwaruza na kuruka. Bila shaka, kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani na hapa zote mbili zimelazimishwa kuzunguka sawa. Waendesha baiskeli za matairi matatu walikutana na hili mapema sana, James Starley wa kule Coventry akaliwekea difu mwaka 1877, yani gia zinazoacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, kabla gari la petroli halijawa habari ya mtu. Difu ya magari ya leo ni wazo lile lile.

Nilijaribu kuunda ndogo kwa gia za printa mbovu. Jioni nzima. Ilizunguka kama meno yanauma.

Mwisho nikachukua njia ya mkato, nguvu inaenda gurudumu la kushoto tu, la kulia linajizungukia lenyewe. Ni rahisi, ni nyepesi, na kasoro yake ni kwamba chombo kinataka kuvuta upande mmoja. Nimeipenda hiyo kasoro kwa kweli. Sasa matarishi wote wa Ngazi Elfu wana bega moja limeshuka kwa kushika usukani miaka na miaka, na ukimwona mtu sokoni na bega hilo unajua kazi yake bila kuuliza. Nisingeipata hiyo kwa kukaa na daftari.

Siku ya 16

Injini. Nimeiogopa wiki nzima kwa hiyo nimeanza na ya majaribio nje ya fremu.

Mwili ni kopo la soda. Ndani yake kuna bonge la waya wa kusugulia sufuria nililoviringisha likawa kama nusu ya urefu wa kopo, jembamba kidogo kuliko kopo ili hewa ipite pembeni, hilo ndo linapanda na kushuka. Linaning'inia kwenye waya mwembamba unaopita katikati ya kifuniko kwenye kijibomba cha shaba. Pembeni nimetoa mdomo nikaufunika na kipande cha puto, hicho ndo pistoni yangu. Juu kuna krenki, yani waya wenye mikunjo unaogeuza kupanda na kushuka kuwa mzunguko, niliyoikunja kwa spoku ya baiskeli, na mkunjo wa puto na mkunjo wa lile bonge vimepishana robo mzunguko. Hiyo robo ndo siri yote, bila hiyo hewa inatanuka wakati mbaya na hakuna kinachotokea. Gurudumu zito ni CD tatu nilizogundisha pamoja nikazipaka rangi nyeusi. Juu ya kopo nimezungushia bati la maji ya kupozea, chini mshumaa.

Nimewasha. Dakika tano. Nikaisukuma kwa kidole, ikaenda nusu mzunguko, ikarudi. Nikaisukuma tena. Ikarudi. Mpaka mshumaa ukafika chini.

Siku ya 18

Makosa matatu, nayaandika ili nisiyarudie. Bonge la ndani lilikuwa limeinama linakwaruza ukuta wa kopo, ukiweka sikio unasikia kabisa "krrs". Kijibomba cha shaba kilikuwa kinavujisha, nikapaka povu la sabuni nikakandamiza puto kidogo, mapovu yakatoka pale pale. Na la tatu ndo lililonishangaza, puto nililivuta kama ngoma. Nilidhani likikaza ndo linakuwa na nguvu, kumbe nguvu yote ya hewa inaishia kupigana na mpira. Linatakiwa lilegee, licheze kama shavu la mtu anayepuliza.

Nimerekebisha yote. Nikawasha, nikasubiri, nikaigusa kidole.

Ikaenda! Nimekaa chini naiangalia kama mjinga. Hakuna kelele kabisa, tik tik tik ya waya tu. Nikairekodi kwa simu nikaihesabu kwa mwendo wa pole, mizunguko 200 kwa dakika, na ukiweka kidole laini kwenye CD inasimama hapo hapo. Nguvu yake hata nzi angeicheka. Ila inazunguka.

Siku ya 19

Hesabu za haraka haraka. Injini 200 kwa dakika, gia za printa zina meno 12 na 48, yani kila hatua inapunguza mara nne. Hatua tatu ni 64. Kwa hiyo gurudumu linapata mizunguko 3 na kidogo kwa dakika, na gurudumu la sentimita 11 kila mzunguko linakwenda kama sentimita 34 na nusu, jumla kama sentimita 108 kwa dakika.

Konokono kweli kweli.

Siku ya 21

Leo nimeunganisha kila kitu. Injini kwenye gia, gia kwenye gurudumu la kushoto, pedeli kwa cheni mpaka gurudumu lile lile, na tarishi wa mbao nimemkalisha kitini miguu imefungwa kwenye pedeli kwa uzi. Magoti yake yana pini, yanakunja vizuri sana, hicho ndo kitu pekee nilichojivunia leo.

Mpwa wangu akaja akakaa. Nikanyanyua nyuma kidogo nikazungusha gurudumu nimwonyeshe miguu inavyokwenda. Akaangalia muda, afu akauliza, "Mjomba, huyu anaendesha au anaendeshwa?"

Nikabaki mdomo wazi. Maana ni kweli, gurudumu likizunguka kwa sababu yoyote ile, miguu lazima izunguke. Injini ikishika, tarishi hapumziki, anaburuzwa magoti mpaka ofisini. Na injini yangu ya nzi inabeba na miguu ya mbao juu ya mzigo wake.

Kabla sijamjibu akakishusha chini akakisukuma mbele, kama mtoto yeyote angesukuma kigari. Gurudumu mzunguko mmoja, injini mizunguko 64. Ikalia "tak" moja kavu, gia ya kwanza imepoteza meno mawili, waya wa juu umepinda kama ndoano, na goti la kulia la tarishi limechomoka pini.

"Samahani mjomba."

Si kosa lake hata kidogo. Chombo kisichoweza kusukumwa kwa mkono hicho si chombo, na mi ndo niliyekiunda hivyo. Karibu kila baiskeli ina friwili, kile kinachoacha gurudumu lizunguke pedeli zikiwa zimetulia, na mi nimesahau friwili. Nahitaji mbili, moja ya pedeli na moja ya injini, kila mmoja asukume akiwa na nguvu na aachie akiwa hana.

Siku ya 22 mpaka 25

Friwili ya baiskeli ina vijimeno na vijispringi ndani, kwa kipimo changu ingekuwa ndogo kama punje ya mahindi, siwezi. Nilichofanya ni springi ya kalamu ya kubonyeza. Unachukua kijibomba cha shaba kipana kidogo kuliko tundu la springi, unaisukuma springi ikae imebana, ncha moja unaishikiza kwenye gia, ncha ya pili unaiacha huru. Gia ikizunguka upande wa kukaza, springi inajikaba kwenye shafti inaivuta. Ikizunguka upande wa pili inajifungua kidogo na kuteleza. Hakuna meno, hakuna kelele, na ukiishika mkononi unahisi inavyokaba, kama mtu amekushika kidole.

Ya pedeli ilikubali mara ya kwanza. Ya injini ikanizingua siku mbili, inashika pale inapotakiwa kuachia. Nikaipindua springi kichwa chini. Bado. Nikaipindua tena, nikabadilisha nyingine, nikaanza kuwashuku watengeneza kalamu. Jana usiku ndo nikaamka kabisa kitandani: springi hata uipindue vipi mkunjo wake ni ule ule, kama parafujo tu, huwezi kuigeuza parafujo ikawa ya kushoto kwa kuilaza. Dawa ni kuihamisha gia upande wa pili wa springi. Asubuhi dakika kumi, kazi imeisha.

Kinasukumika sasa. Mpwa amekisukuma chumba kizima.

Siku ya 26

Furaha ya siku moja. Nimegundua nimejikata mguu mwenyewe, friwili ya injini imeachanisha pedeli na injini, kwa hiyo pedeli haziwezi tena kuamsha injini, na kuamsha injini ndo ilikuwa sababu namba moja ya pedeli kuwepo. Naweza kuizungusha kwa kidole, nani atajua. Mi nitajua.

Siku ya 29

Nimepata. Pedeli nimezivalisha puli ya milimita 48, gurudumu zito la injini nimelivalisha ya milimita 12, na kati yao kuna mkanda wa mpira uliolegea kabisa, haufanyi kitu. Kando kuna mkono mdogo wenye kijigurudumu, ukiubonyeza unaukandamiza mkanda unakaza, pedeli zikizunguka 40 kwa dakika injini inapata 160. Ukiachia mkanda unalegea na kila mtu anashika njia yake. Naita mkono wa kuamsha, kwenye dunia yangu umechakaa rangi pale gumba linapokaa, na wangu nimeupaka rangi afu nikausugua msasa pale pale. Hayo ndo mapambo ninayoyakubali.

Miguu ya tarishi nayo lazima itoke nguvu mahali. Chini ya kiti nimeficha springi ya saa ya mezani ya kujaza, inatoa mizunguko 7 ya pedeli. Cheni inatoa mzunguko mmoja wa gurudumu kwa mzunguko mmoja wa pedeli, kwa hiyo mizunguko 7 ni kama mita 2.4. Ikiisha, imeisha, kachoka.

Uzito wa chombo kizima na tarishi wake, gramu 640.

Siku ya 31

Sakafu tumeifagia mara mbili. Maji ya baridi kwenye bati, mshumaa umewaka, tumesubiri dakika tano na mpwa akiuliza kila nusu dakika kama tayari. Nimejaza springi nikashikilia gurudumu kwa kidole. Mkono wa kuamsha nimeubana chini kwa uzi, na uzi nimeufunga kwenye mguu wa meza ili chombo kikienda mita moja na kidogo uchomoke wenyewe.

Nikaachia.

Miguu ikaanza, kushoto kulia, kwa kweli inakanyaga, magoti yanapanda yanashuka. CD zikaanza kuzunguka. Uzi ukachomoka, mkono ukaruka juu, mkanda ukalegea, na CD hazikusimama. Mpwa akasema "imeshika" kwa sauti ya chini kabisa. Chombo kikaendelea kwa nguvu ya miguu, kikaanza kupungua, kikapungua, springi ikaisha na miguu ikasimama, wa kushoto juu wa kulia chini. Hapo ndo nilipoziba pumzi.

Hakikusimama. Kilipunguza mpaka ukadhani kimesimama, ukiangalia kwenye mstari wa sakafu unaona gurudumu linaupita, unywele kwa unywele. Nikashika saa. Dakika moja, sentimita 84. Hesabu ilisema 108, tofauti hiyo ni msuguano wangu na lile gurudumu la mbele lililopinda.

Mpwa alikuwa anatembea kwa kuchuchumaa pembeni yake uso umegusa sakafu. "Mjomba, sasa anaendeshwa," akasema, "ila miguu yake imetulia."

Kilifika kama mita moja na nusu baada ya miguu kusimama, CD zikaanza kusitasita. Nikagusa bati, maji yalikuwa ya moto. Tukayamwaga, tukaweka mengine.